Sanduku la Fishi za Watoa Damu

Nimekabidhi ufunguo wa ofisi wiki tatu zilizopita, na bado naamka asubuhi nikisikiliza simu. Simu yenyewe haiko tena kwangu, iko kwenu, lakini masikio yangu hayajapata habari. Wawili kati yenu mlinifuata hadi nyumbani, mkaniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, wanachama wapya wa klabu wasije wakadhani kwamba ilianza na kompyuta. Basi naandika. Habari za vyeo msizitafute hapa: niliingia nikiwa sekretere, nikatoka nikiwa sekretere. Na habari za mshahara tuziache, tusije tukacheka mbele ya wageni.

Klabu yetu hapa Goma ilikuwa ya watu wa kujitolea: wafanyabiashara, walimu, mafundi, mama wa sokoni. Walizibua mitaro ya kartie, yaani mitaa yetu, walipanda miti, walipeleka sabuni kwa wafungwa. Zaidi ya yote walitoa damu. Mimi ndiye pekee niliyeajiriwa. Hospitali ikihitaji damu ya aina fulani, nilitakiwa nijue nani anayo, analala wapi, yuko mjini au amesafiri, kisha nimlete akiwa amekula na akiwa ametulia. Mimi mwenyewe kutulia hakukuwa kwenye mkataba.

Siku ya kwanza nilipokewa na Muzee Paluku. Alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Kulikuwa na meza, benchi, sanduku la plastiki la kubebea barafu, na sanduku la mbao refu kama mkono, lililojaa fishi, yaani vile vikaratasi vigumu vinavyoandikwa habari za mtu mmoja mmoja. Kila mtoa damu alikuwa na fishi yake: jina, aina ya damu, avenue, nyumba, siku ya mwisho aliyotoa. Ya O hasi, ile damu adimu, ilikatwa pembe, ili kidole kiikute hata macho yakichelewa.

Nilikuwa binti wa Kiislamu wa ukoo wa Kasongo, Maniema, na baba yangu alikuwa dereva wa lori njia ya Butembo. Hakupenda kazi hii. Alisema damu ya watu si kitu cha kuandika kwenye karatasi. Nilimweleza Muzee Paluku, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Papa yako ana haki," alisema. "Ile fishi inasema mutu analala wapi. Uichunge kuliko damu."

Alinifundisha kwa kutembea. Hatukuwa na simu wakati ule, tulikwenda nyumba kwa nyumba. Alinionyesha kwamba hupigi hodi ukasema kuna mgonjwa anakufa, kwa sababu mtu akishtuka mshipa unajificha. Unasalimia, unaulizia watoto, halafu unauliza kama amekula. Mtoaji akikuuliza damu inakwenda kwa nani, unamwambia hujui, na ni vizuri usijue kweli. Wakati huo wote mimi nilikuwa naogopa. Nilimuuliza baada ya miezi kadhaa ni lini hofu itaniisha. Akasema yeye anangoja miaka ishirini na nane sasa.

Katika fishi zile zenye pembe iliyokatwa, mtu tuliyemtegemea zaidi alikuwa Papa Kahindo wa kartie ya Katoyi. Alikuwa mchuuzi wa samaki: alipanda kwenda Vitshumbi, kwa wavuvi, kununua tilapia wa chumvi, akarudi Goma kuwauza, kisha akapanda tena. Mtu mpole, mnene kidogo, mwenye harufu ya kazi yake. Kila alipokuwa njiani nilikuwa sina raha, kwa sababu njia ile ilikuwa na watu wenye bunduki wa kila rangi. Nilikuwa nikienda kumuulizia mke wake, Mama Masika, kama amerudi, hadi Mama Masika akaniambia kwa utani kwamba mimi namngojea mume wake kuliko yeye. Alisema kwa utani, lakini ilikuwa kweli.

Halafu volkano ikashuka.

Wengi wenu mlikuwa wadogo au hamjazaliwa, nami sitaeleza yote. Moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukaukata mji vipande viwili. Watu wa upande wa mashariki tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tukalala nje katikati ya vitanda vya watu wengine. Muzee Paluku alibaki upande wa magharibi, kwa sababu alikataa kuondoka bila sanduku la fishi, na alipolipata njia ilikuwa imeshafungwa na moto.

Siku ya tatu watu walianza kurudi. Hakuna aliyewaruhusu, walichoka tu kulala nje. Mwanamke mmoja aliyevuka kutoka upande wa magharibi alikuwa anaulizia kila mahali binti Ramazani wa klabu, yaani mimi. Alikuwa na karatasi ya Muzee Paluku. Iliandikwa kwamba kwenye kituo cha afya karibu na Katoyi kuna mama aliyejifungua na damu haikomi, kwamba ni O hasi, na nimlete Kahindo kama yuko hai.

Nilimkuta Papa Kahindo kwenye mstari wa maji, amebeba bidoni mbili. Nilisahau kila nilichofundishwa. Sikusalimia, sikuuliza kama amekula. Nilimwambia tu. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimemwona Mama Masika, kwa sababu siku moto uliposhuka yeye alikuwa sokoni, na mke wake shambani Lac Vert, upande wa magharibi, na tangu hapo hakuwa na habari yake. Nilimwambia sijamwona. Akampa jirani zile bidoni, akasema basi twende, mke wake pia yuko upande ule.

Tulivuka juu ya lile jiwe jipya, moto ule ule ulioanza kuganda. Juu lilikuwa jeusi, lakini kwenye nyufa ulikuwa unaona wekundu, na mvuke ulitoka ukinuka kiberiti. Waliotangulia walikuwa wametandaza mabati na mbao mahali pabaya. Husimami, ukisimama kiatu kinalainika. Sandale zangu zilishika mara mbili. Papa Kahindo alitembea mbele yangu, na nitawaambia jambo ambalo sijawahi kuliandika: kila alipoyumba sikufikiria mke wake wala yeye mwenyewe. Nilifikiria damu iliyo ndani yake. Nilimtazama kama mtu anavyotazama chupa iliyobebwa na mlevi. Kazi hii inaweza kukufanyia hivyo, na ni vizuri mjue mapema.

Tulifika. Muzee Paluku alikuwa hajanyoa wala hajalala, na miwani ilikuwa imebaki na kioo kimoja. Alichanganya matone juu ya kipande cha kioo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa. Papa Kahindo alilala kwenye mkeka, kwa sababu vitanda vilijaa, akatoa mfuko mmoja. Yule mama aliishi. Jioni ile ile tulimkuta Mama Masika amekaa mbele ya nyumba yao Katoyi, ambayo moto haukuifikia, anachambua maharagwe. Alimtazama mume wake, akatazama mkono wake wenye pamba, kisha akanitazama mimi.

"Hata leo?" aliuliza.

Muzee Paluku alirudi Butembo miaka michache baadaye, macho yakiwa yamemwacha. Aliniachia sanduku. Simu zilikuja, tukapata frigo ya damu inayotegemea umeme, yaani inayotegemea bahati. Fishi ziliongezeka hadi sanduku likawa halifungi. Nilikuwa nikizikumbuka nyingi kwa kichwa, na nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa.

Sasa nakuja kwenye zile siku ambazo waasi waliingia mjini. Goma imeingiliwa mara nyingi, nanyi mtachagua wenyewe nasema ya lini. Bomu zilianguka siku mbili kwenye kartie, halafu kukawa kimya, halafu tukaona barabarani wanajeshi wengine. Umeme ulikatika, radio zikanyamaza, vijana wakajifungia ndani. Mwanachama mmoja alikuja kuniambia kwamba kwenye chama cha jirani askari wameingia wakachukua daftari la vijana, na kwamba usiku wake vijana watatu walichukuliwa. Sikuweza kujua kama ni kweli. Siku zile kila habari ilikuwa na mtu aliyeiona kwa macho ya shemeji yake.

Lakini niliwaza: katika sanduku hili kuna wanaume wenye afya nzuri, waliopimwa, na avenue zao na namba za nyumba zao. Hakuna ofisi mjini iliyokuwa na orodha bora kuliko hiyo kwa mtu anayetafuta wabebaji wa masanduku ya risasi. Nilikwenda kwa Mama Masika. Papa Kahindo alikuwa amekwama Vitshumbi tangu vita ianze. Mama Masika hakuniuliza mengi. Alilaza fishi zote ndani ya kapu, akafunika na majani ya muhogo, akapanda moto, yaani pikipiki, kwenda shambani kwake Lac Vert kama siku yoyote. Nilibaki na sanduku tupu, nikaliweka chini ya meza.

Kesho yake ofisa alikuja, na askari wawili walibaki mlangoni. Alikuwa kijana, safi, mwenye sauti ya chini. Aliniita mama, akaomba ruhusa ya kukaa. Alisema amesikia tuna watu wanaotoa damu, na kwamba yeye ana majeruhi. Nilimjibu kwamba sisi hatuchagui mgonjwa; aniambie aina ya damu na idadi ya mifuko, nami nitawatafuta watu na kuwaleta hospitalini mwenyewe.

"Mama," alisema, "mimi sikuomba damu. Niliomba listi."

Nilimwambia listi aliondoka nayo prezida wa klabu alipokimbilia ng'ambo. Alitazama kitambaa cha meza, ambacho nilikuwa nimeficha mikono chini yake bila kujua. Aliandika kitu kwenye kijidaftari. Akasema atapita tena Jumamosi, na kwamba atafurahi kama prezida atakuwa amerudi. Alipotoka nilisukuma sanduku tupu ndani zaidi chini ya meza. Nilikuwa nimesema uwongo vizuri, na niliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

Siku iliyofuata, kama saa nne asubuhi, alikuja Papa Bahati. Ni mshonaji wa Katoyi, mtu mzima, alikuja na tepu yake bado shingoni. Binti yake Furaha, mwanafunzi wa miaka kumi na tisa, alikuwa amepigwa na kipande cha bomu kwenye paja siku zile mbili za kwanza. Jeraha lilifunguka tena. Daktari alikuwa ameandika: O hasi, mifuko miwili, haraka. Ndugu wote walikuwa wameshapimwa, hakuna aliyefaa. Hata damu ya majirani walijaribu, ikagandana yote kwenye kioo, kwa sababu binti aliwahi kuongezewa damu isiyomfaa utotoni. Ile frigo yetu, bila umeme, ilikuwa kabati tu.

Fishi zenye pembe iliyokatwa zilikuwa tatu. Ya kwanza ni Papa Kahindo, naye yuko Vitshumbi. Ya pili ni mwalimu mmoja wa kike. Nilikwenda kwake, nikakuta kufuli, jirani akasema amevuka mpaka. Ya tatu alikuwa mtoaji mpya. Nilimwandika mara moja tu, mwezi mmoja nyuma, asubuhi moja ya watu wengi. Nilikumbuka shati lake. Nilikumbuka kwamba aliogopa sindano na akazungumza bila kukoma ili asiitazame. Jina halikuja. Avenue haikuja.

Nilipanda moto kwenda Lac Vert kuzifuata fishi. Kabla ya kufika tulikuta bariera, kizuizi cha askari, na mbele yake risasi zilikuwa zinasikika upande wa Sake. Nilimwambia askari kwamba ninaenda kuchukua dawa ya mgonjwa. Alisema hakuna anayepita. Nilimwambia binti anakufa. Alinijibu, bila ubaya, kwamba hata kule wanakufa. Mwenye moto alikuwa ameshageuza.

Nilirudi hospitalini kwa miguu sehemu ya mwisho, nikapita avenue zote zinazoizunguka, nikitazama milango, nikitumaini kwamba mlango mmoja utaniambia kitu. Niliuliza kwenye parokia, nikauliza msikitini, kama kuna anayemjua mtu mwenye damu hiyo. Wanaume walikuwa wamejificha, na sauti za wanawake nyuma ya mageti zilisema hakuna mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeogopa kwamba watachukuliwa, na sasa niliwachukia kidogo kwa kuogopa. Papa Bahati alikuwa anakuja mlangoni mwa hospitali kila nusu saa kutazama kama nimerudi na mtu. Mara ya mwisho nilimwona kutoka mbali, nikapunguza mwendo.

Furaha alifariki saa kumi alasiri.

Jumamosi ofisa hakuja. Nilikaa ofisini siku nzima nimevaa viatu. Hakuja Jumapili wala Jumatatu, na baada ya siku chache wote waliondoka mjini kama walivyoingia. Njia ya Sake ilipofunguka Mama Masika alileta kapu. Nilimwaga fishi mezani, nikatafuta kwa kidole, nikaipata ile ya tatu. Nyumba yake ilikuwa avenue ya pili kutoka hospitali. Geti la buluu. Siku ile nilikuwa nimelipita mara mbili.

Nilikwenda kumuuliza Mama Masika nifanye nini. Alisema nisimwambie Papa Bahati, kwamba haitamfufua mtoto. Nilikaa na neno hilo wiki mbili. Nilikuwa siwezi kula vizuri. Kila nilipoona tepu ya mshonaji nilivuka barabara. Mwishowe nilikwenda kwake asubuhi, nikamkuta kwenye mashine, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamweleza yote: ofisa, kapu, Lac Vert, bariera, geti. Sikujitetea, au nilijaribu kutojitetea. Nilimwambia kwamba sijui hata leo kama yule ofisa angefanya kitu na listi ile. Labda angeichukua tu na kuiacha kwenye gari.

Papa Bahati alimaliza mshono uliokuwa chini ya sindano. Alikata uzi. 

"Fishi zingebaki kwako, wangechukua bangapi?" aliuliza.

Nilimwambia sijui. Labda wote. Labda hata mmoja.

"Na ule mutu wa geti, anajua?"

"Hapana, Papa. Sikumwambia."

Alikunja kile kitambaa, akakilaza juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja.

"Basi usimwambie," alisema.

Baada ya hapo tulibadilisha utaratibu, mnaujua: fishi zenye pembe iliyokatwa zinaandikwa mara mbili, na majina hayakai nyumba moja na avenue. Wengine hulalamika kwamba ni kazi ya kuchosha. Ni kweli inachosha. Endeleeni nayo. Papa Bahati aliendelea kushona Katoyi, na nilipopita alinisalimia, si zaidi ya anavyowasalimia wengine, nami sikuomba zaidi. Papa Kahindo alirudi kutoka Vitshumbi na samaki walioharibika na hasira za wiki tatu, akatoa damu mwezi huo huo.

Yule wa tatu bado yuko. Anakuja kila anapoitwa, bado anaogopa sindano, bado anazungumza bila kukoma. Mara moja aliniuliza kwa nini nikimfunga mkono yeye huwa sisemi kitu, wakati wengine nawatania. Nilimwambia ninahesabu mapigo.

Sikumwambia, na sitamwambia. Fishi mnazo ninyi sasa, pamoja na zile zenye pembe iliyokatwa, na mkitaka kumjua haitawachukua dakika kumi. Nawaomba msimtafute. Siku akija mkampokea, muulizeni kama amekula.